Maji Kujaa na Kupwa: Kwa Nini Galileo Aliukataa Mwezi

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba makala ya historia kwa ajili ya jarida la mkutano wetu, alinitaka nichague jambo ambalo sisi wazee tulilisoma shuleni na ambalo vijana walioko madarasani hivi sasa bado wanalisoma. Sikuhangaika sana. Nimechagua kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Hakuna aliyepita katika shule yetu asiyeuchora ule mchoro: duara la Dunia katikati, maji yamevimba pande mbili mfano wa yai, Mwezi upande wa kulia, na mishale kadhaa. Ukiuchora vizuri unapewa alama zako na unafunga daftari.

Mimi nimefundisha jiografia miaka mingi na nimeisahihisha michoro hiyo kwa mamia. Neno langu ni kwamba mchoro ule ni nusu ya kweli. Nusu iliyobaki iliwachukua watu wenye akili nyingi miaka karibu elfu mbili kuipata, na mmoja wao, Galileo Galilei, aliyepatia katika mambo makubwa mengi, alipotea katika jambo hili hili ambalo mvuvi yeyote wa Unguja angaliweza kumrudisha njiani.

Tuanze nyumbani. Watu wa pwani yetu, toka Lamu mpaka Kilwa, hawayahesabu maji kwa kalenda ya ukutani, huyahesabu kwa mwezi wa kuandama. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na hupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Hapo ndipo wanawake wanapokwenda mbali mwambani kuchokoa pweza, na wenye majahazi wanapovipandisha vyombo vyao ufukoni ili maji yakipwa vikae pakavu, wapate kuvikalafati. Baada ya siku kama saba, Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Kwa usiku na mchana maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake, kwa sababu Mwezi wenyewe huchelewa kiasi hicho hicho kufika juu ya vichwa vyetu.

Sasa nawaomba vijana mtie alama jambo moja. Siku za bamvua, Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, maji hujaa saa ngapi? Mwezi mchanga huwa karibu na Jua, kwa hiyo hufika juu yapata saa sita mchana. Ukiwa mpevu hufika juu yapata saa sita usiku. Kwa mchoro wa daftarini maji yangejaa saa sita. Hayajai saa sita. Hujaa saa kumi na kitu, alasiri na alfajiri, na saa nne na kitu asubuhi ndipo yanapokuwa yamepwa kabisa. Mwezi umekwisha kupita juu kwa muda wa saa nne hivi ndipo maji yanafika. Darasani kwetu alikuwako mwenzetu mmoja, mtoto wa mvuvi, aliyemwuliza mwalimu habari ya saa hiyo. Alijibiwa kwamba hayo ni mambo ya mtaani na mtihani hauyaulizi, akaketi. Na kumbe swali lake ndilo lililokuwa swali lenyewe.

Wayunani na Warumi wa kale walikaa kando ya bahari ya Mediterania, ambayo kujaa na kupwa kwake ni kudogo, hata mahali pengi mtu hakuoni. Kwa hiyo walipofika kwenye bahari kubwa walishtuka. Mwaka 325 K.K. watu wa Aleksanda Mkuu waliteremka na vyombo vyao hadi mlangoni mwa mto Indus, katika bahari hii hii yetu ya Hindi. Maji yakapwa, wakapwelewa wasijue la kufanya, na yaliporudi yakavigonganisha vyombo. Mwaka 55 K.K. Julius Caesar aliziacha merikebu zake ufukoni Uingereza. Usiku wa mwezi mpevu maji makubwa yakaja pamoja na dhoruba yakaziharibu, na mwenyewe aliandika kwamba watu wake hawakuwa na habari kuwa mwezi mpevu huleta maji makubwa katika bahari ile.

Hata hivyo walikuwako waliotazama kwa makini. Pytheas wa Massalia, mji ambao leo ni Marseille, alisafiri hadi Uingereza katika karne ya 4 K.K. na akayahusisha maji na Mwezi. Posidonius alikaa Gades, yaani Cádiz ya Hispania, akiyaangalia maji ya Atlantiki. Lakini ninayependa zaidi kumtaja ni Seleucus wa Seleucia, mwanafalaki wa karne ya 2 K.K. aliyehesabiwa miongoni mwa Wababeli. Vitabu vyake vimepotea, tunamjua kwa maneno ya wengine tu. Alishika mambo mawili kwa pamoja: kwamba Dunia inakwenda, na kwamba maji ya bahari yanaufuata Mwezi. Tena alitambua kuwa katika Bahari ya Erithrea, jina ambalo Wayunani waliwapa maji yote ya Shamu, ya Ghuba na ya Hindi, majao mawili ya siku moja hayalingani sikuzote, na kwamba hitilafu hiyo hubadilika kwa kadiri Mwezi unavyopita mbinguni. Hilo si jambo la kukisia kitini. Mtu lazima awe ametazama, au amewauliza waliotazama.

Elimu hii haikufa. Katika karne ya 9 aliishi Abu Ma'shar, mzaliwa wa Balkh aliyefanya kazi Baghdad. Aliandika kwa Kiarabu kitabu kikubwa ambacho ndani yake alieleza kwa urefu jinsi maji yanavyojaa na kupwa kwa kufuata Mwezi, na sababu zinazofanya bandari moja isilingane na nyingine. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya waliyajua maji kwa njia yake. Ila kilikuwa na walakini mmoja: kilikuwa kitabu cha unajimu. Mwezi uliotawala bahari ndio ule ule uliotawala bahati za wafalme na siku za kuoa. Elimu ya kweli na ramli ziliwasili Ulaya katika mfuko mmoja. Kwa maoni yangu hapo ndipo mguu wa Galileo uliponaswa.

Mwaka 1543 Copernicus alikuwa amechapa kitabu chake kinachosema kwamba Dunia hujizungusha yenyewe kila siku na hulizunguka Jua kila mwaka. Wengi hawakukubali, na hoja yao haikuwa ya kipumbavu: kama tunakwenda kasi hivyo, mbona hatusikii kitu? Galileo alitaka ushahidi wa hapa hapa duniani, na akadhani ameuona baharini. Alikuwa amefundisha miaka 18 Padua, karibu na Venice, na Venice ni mahali pamoja ndani ya Mediterania ambapo maji kujaa na kupwa huonekana waziwazi. Mji ule uliletewa maji matamu kwa mashua kutoka bara. Galileo aliona kuwa mashua ikiongeza mwendo maji yaliyomo hurudi nyuma na kupanda tezi, na ikipunguza mwendo hukimbilia omo. Akasema: Dunia ni kama mashua ile. Upande wa usiku, mwendo wa kujizungusha na mwendo wa kulizunguka Jua huelekea mamoja na kujumlishwa; upande wa mchana hupingana. Basi kila pwani huongeza mwendo na kupunguza mwendo kila siku, na bahari iliyomo ndani yake husukwasukwa. Kwa hiyo, akasema, maji yakijaa na kupwa, Dunia inakwenda. Aliiandika hoja hiyo mwaka 1616 kwa kadinali mmoja, Orsini, na mwaka 1632 akaifanya siku ya nne na ya mwisho ya kitabu chake mashuhuri cha mazungumzo juu ya mifumo miwili ya ulimwengu. Alitaka hata jina la kitabu liwe la kujaa na kupwa kwa bahari, ila wakubwa wa Kanisa wakalikataa.

Hoja inapendeza kusoma. Lakini haisimami. Kwanza, kwa hoja hiyo maji yangejaa mara moja tu kwa siku, na yeye aliyajua ya Venice kuwa yanajaa mara mbili. Akatoa udhuru kuwa ni umbo na kina cha bahari. Pili, na hili ni kubwa zaidi, hoja yake inafuata Jua peke yake, kwa hiyo maji yangejaa saa ile ile kila siku mwaka mzima. Zile dakika 50 za kila siku hazina mahali pa kukaa. Mzee yeyote mwenye wando pale Kizimkazi angalimwuliza, “Bwana, mbona jana yalijaa saa kumi na leo yamejaa karibu saa kumi na moja?” na Galileo asingalikuwa na jibu.

La kusikitisha ni kwamba jibu lilikuwa limekwisha andikwa. Mwaka 1609 Johannes Kepler alisema wazi kwamba Mwezi unayavuta maji ya bahari, na kwamba Dunia ingeacha kuyavuta maji yake, bahari ingepanda ikaenda Mwezini. Galileo alimsoma, akamstaajabia, na katika kitabu chake cha 1632 akaandika kwamba anamshangaa mtu mwenye akili huru kama Kepler kusadiki utawala wa Mwezi juu ya maji na mambo mengine ya siri ya namna hiyo, ambayo kwake yalikuwa mambo ya kitoto. Alichukia ramli, akaitupa pamoja na Mwezi. Mwaka 1633 alihukumiwa na Baraza la Roma, akafungiwa nyumbani hadi kufa kwake mwaka 1642. Hakuhukumiwa kwa kosa la maji. Alihukumiwa kwa kushikilia kwamba Dunia inakwenda, neno ambalo lilikuwa kweli.

Mwaka 1687 Isaac Newton, kwa kitabu chake cha Kilatini kijulikanacho kama Principia, alilirudisha jambo mahali pake. Uvutano haukuwa siri ya wanajimu tena bali hesabu. Na hapa niwaambie vijana jambo ambalo mchoro hauwaelezi vema, yaani kwa nini maji huvimba hata upande usioelekea Mwezi. Wengi hujibu kuwa Dunia inapozunguka huyarusha maji. Si hivyo. Fikirini wanafunzi watatu wanaokimbia katika mstari mmoja uwanjani. Wa mbele ana kasi kuliko wa kati, wa kati ana kasi kuliko wa nyuma. Wa kati akitazama atamwona wa mbele anamwacha, na wa nyuma naye anaachwa. Kwake yeye wote wawili wanakwenda mbali naye. Wa mbele ni maji yaliyo karibu na Mwezi, yanayovutwa sana. Wa kati ni Dunia yenyewe. Wa nyuma ni maji ya upande wa pili, yanayovutwa kidogo. Kinachofanya kazi si uvutano wenyewe bali tofauti za uvutano. Ndiyo maana Jua, ambalo huivuta Dunia zaidi ya mara 170 kuliko Mwezi unavyoivuta, hushindwa na Mwezi katika jambo la maji: liko mbali mno, na tofauti baina ya upande wa karibu na wa mbali ni ndogo. Sehemu ya Jua haifiki nusu ya sehemu ya Mwezi. Zikijumlishwa, ni bamvua. Zikipingana, ni maji mafu.

Hapo ndipo daftari zetu zinapoishia, mwaka 1687. Lakini ile saa kumi ya alasiri bado haijajibiwa.

Aliyeijibu ni Mfaransa Pierre-Simon Laplace katika miaka ya 1770. Kwanza, nguvu ya Mwezi ya kuinua maji juu ni hafifu mno, kama sehemu 1 katika milioni 9 ya uzito wa kitu. Mtu wa kilo 70 aliye chini ya Mwezi hupungua uzito usiofika hata miligramu 10. Kinachosogeza bahari ni nguvu ya kuvuta kwa ubavu, ambayo huyasukuma maji kidogokidogo katika maelfu ya kilomita. Pili, maji yana kasi yake. Ili uvimbe wa maji ubaki chini ya Mwezi hapa kwenye ikweta ungelazimika kukimbia zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Lakini wimbi refu katika bahari yenye kina cha kilomita 4 haliwezi kupita kilomita 700 na kidogo kwa saa. Haliwezi kamwe kuufuata Mwezi. Kwa hiyo hakuna vimbe mbili zinazozunguka Dunia kama kwenye mchoro. Kuna bahari zinazotikiswa na Mwezi mara mbili kwa siku, kila moja ikiitika kwa kadiri ya upana wake, kina chake na pwani zake, na mawimbi yake yanafika bandarini kwa saa yake. Kwetu ni saa kumi. Pengine ni saa nyingine kabisa. Ghuba ya Fundy huko Kanada, kwa umbo lake, hupandisha maji kama mita 16, hali ndani ya bahari kuu kuna mahali ambapo mawimbi hayo huzunguka na katikati yake maji hayapandi wala hayashuki. Ziwa Victoria nalo, pamoja na ukubwa wake, ni dogo mno kwa Mwezi kulitikisa tukaona kwa macho.

Baada ya Laplace kazi kubwa ilikuwa ya kukusanya saa za bandari. Mwaka 1835 William Whewell wa Cambridge alipanga maji yapimwe kwa wakati mmoja katika mamia ya vituo vya pande mbili za Atlantiki. Miaka ya 1860 na 1870 William Thomson, baadaye Lord Kelvin, alibuni njia ya kuyachambua maji ya kila bandari katika mapigo mengi madogo, kisha mtambo wa magurudumu wa kuyajumlisha tena. Ndiyo asili ya majedwali yanayotolewa kila mwaka, ya Kilindini na Dar es Salaam yakiwamo. Nawaomba msomaji na mwanafunzi mliangalie jambo hili kwa makini: hesabu hizo haziwezi kuanza bila mtu wa bandari ile kuandika maji yamejaa saa ngapi. Habari ya mtaani ndiyo iliyo mstari wa kwanza wa hesabu.

Na mwendo wa Dunia, je? Ushahidi aliousaka Galileo ulipatikana kwingine. Mwaka 1729 James Bradley alitangaza kwamba nyota zote huonekana kuyumba kidogo kila mwaka kwa sababu sisi tunakwenda. Mwaka 1838 Friedrich Bessel alipima jinsi nyota moja inavyosogea tukiitazama toka pande mbili za njia yetu ya kulizunguka Jua. Na mwaka 1851, Léon Foucault alitundika tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 katika jengo la Panthéon mjini Paris, na watu wakaiona sakafu ikigeuka chini yake.

Lakini bahari nayo ina neno lake juu ya mwendo wa Dunia, ingawa silo alilolisema Galileo. Maji yanapojaa na kupwa husuguana na chini ya bahari, hasa mahali pa kina kifupi, na msuguano huo huizuia Dunia isizunguke kwa kasi yake ya zamani, kama breki. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliliwaza hilo mwaka 1754. Siku inarefuka kwa kiasi cha sehemu 2 kwa elfu za sekunde katika kila miaka 100, na Mwezi, kwa kulipwa mwendo ule unaopotea, unatuacha pole pole: vioo vilivyowekwa juu yake na wanaanga wa Marekani kuanzia mwaka 1969 hupigwa kwa mwanga wa leza toka duniani, na vipimo vinaonyesha unasogea mbali sentimita 3.8 kila mwaka.

Sehemu mbili kwa elfu za sekunde ni kitu cha kuchekesha, lakini hujilimbikiza. Makarani wa Babeli, katika karne ile ile ya Seleucus, waliandika juu ya kibao cha udongo kwamba Jua lilipatwa lote mjini mwao. Kwa hesabu za leo ilikuwa tarehe 15 Aprili, 136 K.K. Ukihesabu kana kwamba Dunia imezunguka siku zote kwa kasi ya sasa, kivuli kile kingeanguka mbali sana magharibi ya Babeli. Saa ya Dunia imepoteza zaidi ya saa tatu toka wakati huo.

Na ushahidi wa kale kuliko wote uko katika matumbawe. Tumbawe linapokua huacha mstari mwembamba kila siku na mkunjo mkubwa kila mwaka. Mwaka 1963 John Wells wa Marekani aliihesabu mistari hiyo katika matumbawe yaliyogeuka mawe tangu miaka milioni 380 hivi iliyopita. Alikuta siku kama 400 katika mwaka mmoja. Mwaka wenyewe haukuwa mrefu kuliko wa sasa. Ni siku iliyokuwa fupi, haikutimia hata saa 22, na Mwezi ulikuwa karibu zaidi na bahari.